Gari Linalolala Likinywa Stima

Chini ya sakafu ya buti ya Mitsubishi Outlander iliyotoka Japani huwa kuna kebo ya kuchajia, imekunjwa ndani ya mfuko wake. Ninapoitwa nyumbani kwa mtu kumfungia soketi ya gari, hiyo ndiyo ninayoiomba kwanza, hata kabla ya kuonyeshwa mita. Upande mmoja una mdomo mnene wa kuingia ubavuni mwa gari, katikati kuna kiboksi chenye taa, na upande wa pili kuna plagi yenye meno bapa ambayo hakuna soketi ya Kenya itakayoipokea. Huyatazama meno hayo kwa makini. Yakiwa yamechubuka, najua gari lilichajiwa huko lilikotoka. Yakiwa bado yanang'aa na kamba ya kufungia ingali pale pale, basi huenda gari hilo limeendeshwa kwa petroli miaka yote, na betri yake ya uniti 12, yaani kilowati-saa 12, imekuwa mzigo tu wa kubebwa.

Mimi ni fundi wa stima za majumbani. Niliingia katika kazi hii mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati mwanamke mwenye testa mfukoni alipoulizwa fundi mwenyewe yuko wapi, na eneo langu ni lile linalopanda kutoka Kangemi, likapita Uthiru, Kinoo na Kikuyu hadi Limuru. Magari haya ya haibridi ya kuchomeka yalipoanza kuonekana kwenye viwanja vya wateja wangu, karibu mwaka 2019, watu waliyapokea kana kwamba yametoka kesho. Nimekuwa nikisoma habari zake jioni, kidogo kidogo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba historia ya gari la kuchajiwa nyumbani ni ya nyumba kuliko ilivyo ya gari. Nani ana ukuta wenye stima, nani anaegesha karibu na ukuta huo, na waya uliomo ndani ulifungwaje: hayo ndiyo yaliyoamua mambo tangu mwanzo, na ndiyo yanayoyaamua leo huko Kinoo.

Mwaka 1900 viwanda vya Marekani viliunda magari 4,192. Kati ya hayo, 1,575 yalikuwa ya umeme na 936 tu ya petroli. Yaliyobaki yalikwenda kwa mvuke. Gari la petroli liliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma mbele ya injini, kazi iliyoweza kumvunja mtu mkono. La umeme liliondoka bila kelele. Huko Detroit kampuni ya Anderson, iliyokuwa ikiunda magari ya kukokotwa na farasi, ilianza kutoa Detroit Electric mwaka 1907, na Clara Ford, mke wa Henry Ford mwenyewe, alikuwa akiendesha lake la mwaka 1914. Mume anawauzia watu magari ya petroli kwa maelfu, mke anakwenda kuwaona marafiki zake kwa gari la betri. Gari hilo lilitembea kama kilomita 130 kwa chaji moja, na likirudi jioni liliwekwa bandani nyuma ya nyumba kunywa stima hadi asubuhi.

Kulikuwa na ugumu mmoja ambao fundi yeyote atauelewa. Betri hupokea umeme unaokwenda upande mmoja tu, na nyumba nyingi zilikuwa zinaanza kuletewa umeme wa kwenda na kurudi, huu huu tulio nao. Mwaka 1902 Peter Cooper Hewitt alikuwa amevumbua chupa ya kioo yenye zebaki ndani yake, iliyoweza kuupokea huo na kuutoa ukiwa wa upande mmoja. General Electric ikazitengeneza chupa hizo kwa ajili ya wenye magari. Nimeiona picha ya mwaka 1912: mwanamke aliyevaa kofia na gauni refu amesimama mbele ya ubao wenye mita na swichi, mkono wake mmoja uko kwenye kirungu cha kurekebisha, gari lake liko nyuma yake na waya umeingia. Niliitazama muda mrefu. Leo mashine ya kazi ile ile imo ndani ya gari lenyewe, ndiyo maana kebo peke yake inatosha.

Kuanguka kwa magari yale husimuliwa kwa sababu zinazojulikana: Charles Kettering alibuni stata ya umeme, Cadillac ikaifunga kwenye magari yake ya mwaka 1912, na mkono wa chuma ukawa hauna kazi, Ford akashusha bei ya Model T kutoka dola 850 mwaka 1908 hadi chini ya 300 katika miaka ya ishirini. Yote ni kweli. Lakini kwa jicho la fundi wa nyumba naona pia jambo ambalo halitajwi sana. Hata katikati ya miaka ya thelathini, mashamba tisa kati ya kumi huko Marekani hayakuwa na stima. Mkulima aliweza kununua petroli dukani, akaibeba hadi kwake na kuitia mwenyewe. Umeme hauwezi kubebwa hivyo, unangoja nguzo. Afrika Mashariki pia petroli na mafuta ya taa yalitufikia yakiwa ndani ya debe la galoni nne, juu ya lori, juu ya punda, juu ya kichwa. Debe lilifika vijijini miongo mingi kabla ya nguzo, na likiwa tupu likapimiwa mahindi.

Walikuwapo waliojaribu kuwa na vyote viwili. Kijana Ferdinand Porsche, akifanya kazi kwa Lohner huko Vienna, aliunda mwanzoni mwa karne gari lenye mota ndani ya magurudumu na injini ya petroli ya kuzalisha umeme. Chicago, mwaka 1916, kampuni ya Woods ikauza gari lililokwenda kwa umeme polepole mjini, kisha injini ikashika likizidi mwendo wa kilomita 24 hivi kwa saa. Halikudumu miaka mitatu. Lilikuwa ghali, na lilikuwa na uzito wa magari mawili katika moja. Baada ya hapo wazo hili lililala muda mrefu, na mimi naliacha hapo nije kwenye plagi, kwa sababu plagi ndiyo inayonitia uchungu kila wiki.

Plagi tunayotumia Kenya, yenye meno matatu ya mstatili na fyuzi tumboni, tuliirithi kwa Waingereza, na Waingereza waliibuni wakati wa vita. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu na shaba ilikuwa adimu. Kamati ya wahandisi ikakaa kufikiria nyumba zitakazojengwa vita vikiisha zitafungwa nyaya namna gani, na ripoti yake ikatoka mwaka 1944. Katika kamati hiyo mwanamke alikuwa mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyekuwa katibu wa kwanza wa chama cha wahandisi wanawake na mkuu wa jumuiya iliyowafundisha wanawake mambo ya umeme wa nyumbani. Kiwango chenyewe kilichapishwa mwaka 1947. Jino la ethi ni refu kuliko mengine, kwa hiyo hutangulia kuingia, na likiingia husukuma vifuniko vinavyoziba matundu mawili ya chini, ili mtoto akichokoa kwa msumari asikutane na kitu. Soketi zenyewe zimefungwa kwenye waya unaozunguka nyumba na kurudi pale ulipoanzia, njia iliyookoa shaba. Fyuzi iko ndani ya plagi kwa sababu mzunguko huo mzima unalindwa na kikatio kikubwa cha ampea 30 au 32, kisichoweza kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani.

Sisi hapa tunachokoa tundu la ethi kwa kalamu ili plagi ya simu yenye meno mawili iingie. Sijui nyumba ambayo haijafanya hivyo. Kwa simu hatari yake ni ndogo, lakini nimemkuta mtu amefanya hivyo hivyo kwa gari: amekata plagi ya Kijapani, akafunga ya meno mawili, akachokoa, na betri yote ya gari ikawa inajazwa usiku kucha bila ethi, watoto wakipita pale bila viatu. Gari lililosimama juu ya mipira minne halijagusana na ardhi vizuri. Stima ikivuja kwenye bodi yake, itangoja mtu wa kuigusa. Nilikaa na yule baba karibu saa nzima nikimweleza jino lile refu liliwekwa kwa ajili ya nani.

Na Wajapani nao wana historia yao ya ukutani. Nyumba zao hutumia volti 100, na kwa vifaa vikubwa 200. Zaidi ya hapo nchi yao imegawanyika: Tokyo ilinunua mitambo kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Osaka ikanunua ya Marekani, na hadi leo mashariki umeme wao hupiga mara 50 kwa sekunde na magharibi mara 60. Gari linalouzwa nchi nzima lilibidi liyakubali yote mawili. Huo mgawanyiko umetufaa, maana sisi tuko kwenye 50. Kiboksi cha kwenye kebo ndicho cha kuangaliwa: kile cha Japani kimeandikwa volti 200, yetu ni 240, na usiku wa manane watu wakilala hupanda hata zaidi. Mimi humwambia mteja anunue kebo iliyotengenezwa kwa soko la Uingereza. Ina plagi yetu, na kiboksi chake huliambia gari livute ampea 10 tu ingawa plagi ni ya 13, kwa sababu 13 ni ya birika la chai linalochemka dakika tano, na gari litavuta saa tano mfululizo. Volti 240 mara ampea 10 ni wati 2,400. Betri ya uniti 12 hujaa kwa saa kama tano. Huko Japani, kwa soketi ya volti 100, ingechukua saa 13.

Stima yetu yenyewe ilitufikia kwa njia ndefu. Kampuni ya umeme ya Kenya husimulia historia yake kuanzia Zanzibar, mwaka 1875, Sultani Barghash alipoleta jenereta ya kuangazia jumba lake na barabara za karibu. Mwaka 1908 mtambo huo ukachukuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, na mwaka huo huo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya peke yake ya kuuza umeme mjini Nairobi. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili zikaungana kuwa East African Power and Lighting. Maji ya Mto Thika yakafungiwa mtambo pale Ndula mwaka 1925, ya Tana mwaka 1932. Lakini stima hiyo ilikwenda viwandani, madukani, na kwenye nyumba za Wazungu na Wahindi. Mwafrika aliijua kama mfanyakazi wa jikoni anayeitumia kupigia pasi nguo za wengine.

Mjomba wangu aliajiriwa ujanani, miaka ya hamsini, kufyeka njia ya ule waya mkubwa ulioleta umeme wa Owen Falls kutoka Tororo hadi Juja Road, Nairobi. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954. Alizoea kutusimulia jinsi waya ulivyopita juu ya vijiji bila kushuka hata kimoja, na jinsi wanakijiji walivyowauliza vibarua kama utashuka wakati wa kurudi. Alikufa kabla nyumba yake mwenyewe haijafungwa mita. Mpango wa kupeleka stima mashambani ulianza mwaka 1973 na ukatembea polepole mno. Hadi mwaka 2015 kuunganishwa kulikuwa kunagharimu shilingi 35,000, ndipo ada ikashushwa hadi 15,000 na nguzo zikaanza kumiminika. Huyu anayeniita leo huko Ndeiya nimfungie soketi ya gari, mama yake alikuwa akisomea kwa koroboi.

Wakati sisi tunangoja nguzo, huko Marekani wazo la gari lenye injini na betri lilikuwa linaamshwa na watu wachache wakaidi. Victor Wouk, mhandisi wa umeme, aligeuza Buick Skylark kuwa haibridi na kulipeleka kupimwa na serikali mwaka 1974. Hata hivyo mpango ukafungwa. Toyota walileta Prius mwaka 1997, gari zuri, lakini lisiloweza kuchajiwa ukutani, na kampuni ilijivunia jambo hilo katika matangazo yake: huna haja ya kuchomeka. Profesa Andrew Frank na wanafunzi wake huko Davis, California, walikuwa wameunda magari ya kuchomeka miaka mingi wakiambiwa hakuna atakayeyataka. Kisha mwaka 2004 kikundi cha Felix Kramer na mhandisi Ron Gremban kikachukua Prius, kikajaza betri za risasi kwenye buti, kikatoboa na kuweka plagi. Walifanya kazi hiyo kwenye gereji ya nyumbani. Nikiisoma habari hiyo huwa nafikiria mafundi wetu wa Kirinyaga Road, wanaofungua kitu ambacho kiwanda kimesema hakifunguliwi.

Hesabu iliyowashinda wenye viwanda ilikuwa nyepesi. Watu wengi hawaendi mbali. Wanakwenda kazini, wanarudi, gari linasimama saa 20 au zaidi katika 24. General Motors walipotoa Chevrolet Volt mwishoni mwa mwaka 2010, lenye betri ya uniti 16 na uwezo wa kilomita 56 hivi kwa umeme, waliipima betri kwa safari ya kila siku ya Wamarekani walio wengi, na petroli ikabaki ya siku ya safari ndefu. BYD wa China walikuwa wametangulia na gari lao mwaka 2008. Mitsubishi wakaanza kuuza Outlander ya kuchomeka Januari 2013: seli 80 chini ya sakafu, mota mbili, injini ya lita mbili. Japani ilikuwa imetoka kwenye tetemeko la Machi 2011, ambapo mafuta yaliadimika na katika sehemu nyingi umeme ulirudi kwanza. Ndiyo sababu Wajapani wakataka gari liweze kutoa stima pia, na nyingi za Outlander hizo zina soketi ya wati 1,500 nyuma ya kiti.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ya Kenya ilipotiwa giza, mteja wangu mmoja wa Sigona alinipigia simu akitaka kuitumia soketi hiyo kwa friji. Inatoa volti 100, nikamwambia, utaua friji. Alikuwa na transfoma ya kupandisha ambayo baba yake alinunua zamani kwa ajili ya redio ya Kijapani, lakini ilikuwa ndogo mno. Wiki iliyofuata tukanunua kubwa. Tangu siku hiyo maziwa yao hayajaharibika.

Sasa niseme juu ya zile plagi zisizo na mchubuko. Uholanzi, hadi mwisho wa mwaka 2013, mfanyakazi aliyepewa na kampuni gari linalotoa moshi kidogo kwenye vipimo hakutozwa kodi yoyote kwa kulitumia nyumbani. Outlander zikanunuliwa kwa maelfu miezi ile ya mwisho. Wengi walikuwa pia na kadi ya kampuni ya kujazia petroli, lakini stima ya nyumbani wangeilipa wenyewe. Matokeo yake hayahitaji mtabiri: wakajaza petroli, kebo zikabaki kwenye mifuko. Sitawalaumu. Lakini gari la namna hii lisipochajiwa ni gari zito la petroli, na uzuri wake wote upo katika dakika moja ya jioni, mtu aliyechoka anaposhuka na kuamua kama atachomeka au ataingia ndani moja kwa moja. Soketi ikiwa karibu na mlango, atachomeka. Ikibidi afungue stoo, avute ekstensheni na kuipitisha chini ya lango, ataacha. Nimeliona hilo kwa wateja wengi kiasi kwamba siku hizi sikubali kufunga soketi mahali mwenye nyumba anapoonyesha kabla sijamwomba aliegeshe gari kama anavyoliegesha kila siku.

Barabara yetu ina tabia yake pia. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na katikati ya Nairobi ni karibu 1,700. Asubuhi mtu anateremka mita 500 katika kilomita 30 hivi, akipita Kamandura, Rironi, Zambezi, na gari huzigeuza mota kuwa jenereta kila anapoachilia mguu. Kuna vidole nyuma ya usukani vya kuongeza au kupunguza ukamataji huo. Dereva aliyezoea huteremka hadi Kangemi akiigusa breki mara chache tu. Jioni deni hulipwa: kuliinua gari la karibu tani mbili, na watu ndani, mita 500 ni uniti mbili na nusu kabla hujahesabu upepo, mipira na foleni. Kwa hiyo wa Limuru hushuka kwa stima na mara nyingi hupanda injini ikisaidia, isipokuwa kazini kwake kuna soketi. Wa Kinoo au Uthiru huenda na kurudi bila kuwasha injini kabisa. Petroli ilipopita shilingi 211 kwa lita mjini Nairobi, Septemba 2023, simu yangu haikupumzika. Hata ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, kujaza betri nzima ni shilingi 360, na gari la ukubwa ule linalokwenda kilomita 10 kwa lita lingekula zaidi ya 700 kwa kilomita 35 za chaji hiyo.

Wengine huuliza kama nyumba itastahimili. Huwauliza kama wana shawa ya umeme. Shawa hiyo ya papo kwa papo, iliyomo katika karibu kila gorofa hapa kwetu, huvuta mara mbili ya gari, na ndiyo iliyotufundisha sisi mafundi kazi nzito. Ilipoingia, watu waliifunga kwenye waya wa taa. Kuta zilinuka, swichi zikayeyuka, ndipo ikaeleweka kwamba shawa inataka waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la mita. Gari linataka hivyo hivyo: waya wa milimita 4 au 6, kikatio chake, kifaa cha kukata stima inapovuja, na fimbo ya ethi iliyozikwa mahali penye unyevu. Katika nyumba zilizojengwa kwa haraka nimefungua soketi na kukuta waya wa milimita 1.5 mahali pa 2.5. Katika nyumba chache za kikoloni za Limuru bado nimekuta soketi za meno ya mviringo, za kabla ya ile kamati ya Haslett, na nyaya zake zimevikwa mpira uliokauka na kupasuka. Nyaya za namna hiyo hung'olewa zote, hata mteja akilia gharama.

Saa ya kuchaji nayo ina uzito wake. Olkaria ilianza kutoa umeme wa mvuke wa ardhini mwaka 1981, na leo mvuke huo ndio tegemeo letu kubwa. Kisima cha mvuke hakizimwi kama jiko. Jioni saa moja hadi saa tatu nchi nzima inapika, inaoga na kutazama habari, na umeme unabanana. Kufika saa sita usiku mahitaji yameshuka na mvuke mwingine huachiliwa hewani bure. Aprili 2023, bei mpya za umeme zilipoidhinishwa, kukawa kwa mara ya kwanza na bei ya magari ya umeme: shilingi 16 kwa uniti mchana na 8 usiku, kabla ya kodi na tozo. Hata kwa wale ambao mita zao ni za kawaida na usiku hauwapunguzii chochote, huwaomba waliwekee gari saa lianze kunywa saa nne usiku. Linaweza kupangwa hivyo. Mjomba wangu alifyekea njia umeme wa nchi ya jirani kwa sababu wetu haukutosha. Sisi tunao unaopotea angani huko Olkaria watu wakiwa wamelala, na naona ni deni kwa watu kama yeye tusiuache upotee.

Kilichobaki kigumu ni magorofa. Mwenye nyumba yake na ukuta wake namalizana naye kwa siku moja. Mpangaji wa gorofa ya tatu hana ukuta wa kuegeshea. Ana namba iliyochorwa chini kwa rangi nyeupe, na stima ya pale chini ni ya taa za usalama na pampu ya maji, iko kwenye mita ya mwenye ploti. Nimeona ekstensheni zikishuka kutoka roshani kupitia nguo zilizoanikwa. Huzikata, hata wasiponilipa.

Wiki iliyopita niliitwa kwenye ploti moja ya Kinoo ambako wapangaji wawili wana magari haya na wa tatu ameshaagiza lake, liko njiani kuja Mombasa. Mwenye ploti ni mzee mpole, lakini alikuwa na hofu. "Leo ni wawili, Mama, kesho watakuja wote," aliniambia, "na tokeni za pampu nitalipa mimi." Nikamwambia, "Mzee, hiyo ndiyo sababu ya kufanya sasa." Uwanja wake umefukuliwa, mafundi wanatandaza kabro upya. Waya mkubwa ukizikwa ndani ya bomba leo, hakutakuwa na kufukua tena. Kila nafasi ya gari itapata mita yake ndogo inayolishwa tokeni na mpangaji mwenyewe. Nimemwandikia orodha: bomba la inchi mbili, kebo ya milimita 16 ya kuzikwa, fimbo mbili za ethi, boksi lisiloingiza maji, mita ndogo sita ingawa magari ni matatu. Alizikata mita tatu kwa kalamu. Nikazirudisha, nikamweleza kwamba mita anaweza kuzinunua baadaye lakini bomba na kebo lazima viwe vya sita, kisha tukabishana juu ya kebo hadi giza likaingia. Amesema atanijibu kabla ya Jumatatu, siku ambayo kabro zinafika mbele ya nafasi namba nne.